Karatasi Niliyoianika Dirishani

Mwanangu Sekela,

Salamu sikuandikii, maana uko chumba cha pili na ninasikia kitanda kinavyolia kila unapogeuka. Hujalala, nami sijalala. Tungekuwa watu wenye akili ningeinuka nikagonga mlango wako, tukaongea kama mama na mwana. Lakini tangu urudi kutoka kwa babu yako tumekuwa kama wapangaji wawili: chumvi iko wapi, taa imeisha mafuta, basi. Kwa hiyo naandika. Hii utaisoma ndani ya basi, ambako huwezi kunipa mgongo.

Sitasema habari za kufua, kula wala wanaume. Shangazi yako alishakwambia yote hayo, na ya wanaume alikwambia zaidi ya inavyohitajika. Huko chuo cha uuguzi Dodoma watakufundisha kazi. Mimi nataka kujibu swali lako moja tu.

Ulirudi na tope jekundu kwenye viatu, ukasimama mlangoni bila kukaa, ukaniuliza: "Mama, hiyo ramani uliiona kabla haijatoka ofisini?"

Nikajibu, "Niliiona."

Ukaningoja. Nikashika chungu nikajifanya kinaungua. Ndipo uliposema, "Basi sina sababu tena ya kurudi huku," ukaenda kufungasha. Neno hilo limekaa kifuani mwangu mpaka usiku huu. Sikulaumu. Ulikwenda kumuaga baba yako kama inavyofanywa kwao. Sisi ni Walutheri wazuri wa kila Jumapili, lakini hakuna Mbena anayeanza safari ndefu bila kufagia kaburi la mzazi na kumwambia anakwenda wapi. Ulibeba ufagio na unga. Ukakuta mabua ya mahindi toka barabarani hadi mlimani, na mlinzi wa shamba akakwambia hapa hapajawahi kuwa na kaburi, binti, umepotea njia. Ya ramani na mkono wangu ndani yake ukaambiwa kijijini.

Hukupotea. Nisikilize sasa.

Baba yako Alfonsi alipokufa kwa kifua, wewe ulikuwa hujaota hata meno ya pili. Tulikuwa tunakaa Iringa mjini, naye alikuwa fundi mwashi. Ukuta aliojenga ulikuwa umenyooka hata ungeweka yai juu lisidondoke. Kwetu Tukuyu walitaka nirudi. Nikakataa, kwa kiburi na kwa sababu nilikuwa na mwandiko mzuri. Mwandiko huo ndio ulionipa kazi katika chumba cha wachoraji wa ramani. Ofisi yenyewe siitaji. Kosa halikuwa lake.

Ile kazi hukuwahi kunisikia nikiieleza. Ramani tuliyokuwa tunaitoa haikuchorwa kwenye karatasi moja. Kila kitu kilikuwa na karatasi yake angavu, unaweza kuona ng'ambo, inayolia ukiigusa kama ganda la kitunguu. Mito na vijito karatasi yake. Miinuko karatasi yake. Barabara, nyumba, mashamba, kila kimoja na yake. Kwenye pembe kulikuwa na alama, na ukizipanga karatasi zote alama juu ya alama, ukaziangaza kwenye kioo chenye taa chini, nchi nzima inainuka mbele yako. Anayetaka habari za maji tu, unamtolea nyumba na mashamba, unampigia nakala yenye maji. Anayetaka barabara, unamtolea maji. Ulichotoa hakijafutika. Kinaning'inia kabatini kwenye kamba, kinangoja siku yake.

Niliipenda kazi ile kuliko nilivyowahi kusema. Nilikuwa najua kila karatasi kama mtu anavyojua sufuria zake. Nilianza hata nyumbani kuishi hivyo, na hili ndilo kosa langu la kwanza, lililotangulia lile unalolijua.

Baada ya msiba niliondoa picha ya baba yako ukutani. Koti lake nililikunja nikaliweka chini ya godoro langu. Mwiko wake wa kujengea nikampa fundi mwingine. Nilidhani nakupunguzia. Mtoto mdogo, nikasema, asione kila siku kitu cha kumliza. Mimi nilikuwa naye usiku na mchana. Nilikuwa nalala juu ya koti lake, na nilipopita kwenye ukuta wowote pale mjini nilijua kama ni wake au si wake. Siku moja, ulikuwa darasa la tatu, ukaniuliza, "Mama, baba alikuwa na sauti gani?" Nikasema, "Kula, ugali unapoa." Nilisema hivyo kwa sababu nilikuwa naisikia ile sauti dakika ile ile, na ningefungua mdomo ningelia mbele yako. Wewe uliona mwanamke anayesukuma bakuli la mboga. Nilidhani unaona ninachokiona mimi. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi nilizaa kwanza, ndipo nikaanza kuficha.

Sasa mwaka ule wa kuhamia vijijini. Watu wa kwa babu yako waliambiwa wasogee karibu na barabara kuu, wakae kwenye mistari, na ardhi ya nyuma iwe shamba moja kubwa la trekta. Unakumbuka watu walivyolala nje na vyombo vyao na mvua ikinyesha. Ulikuwa mkubwa kiasi cha kukumbuka. Wengi walihama kwa uchungu bila kusema. Lakini wa kwa babu yako walisema jambo moja, na aliyelisema alikuwa Bibi Agripina, mdogo wake bibi yako mzaa baba. Alisema, "Sisi tutahama. Wale hawawezi kuhama. Muwaandike."

Wakubwa walikubali. Makaburi yangeandikwa kwenye ramani, na trekta lingeyazunguka. Ofisini wakanipa mimi kazi hiyo kwa kuwa ni mkwe wa pale. Nilitembea na Bibi Agripina kwenye yale majani marefu, yeye mbele na fimbo, mimi nyuma na kamba ya kupimia. Kila alipofika anagonga chini, anataja jina, anasema kidogo habari zake. Huyu alikuwa mchoyo. Huyu alizaa mapacha. Huyu alikunywa sana lakini alikuwa na huruma. Alipofika kwa baba yako alinishika tu kiwiko. Niliporudi Iringa nikayatengenezea makaburi karatasi yao wenyewe. Kila mmoja nukta moja ya wino. Sijawahi kuchora kitu kwa adabu kama ile.

Ikapita miezi. Mvua za kwanza zilipoanza, Bibi Agripina akatokea ofisini. Alikuwa amepanda ule mlima wa Iringa kwa miguu toka stendi, kitenge kimeloa, viatu mkononi. Wenzangu wakadhani amekuja kuomba.

"Kamwene, mwana," akanisalimia.

"Kamwene, Bibi. Kuna nini?"

"Nimemsahau mmoja. Sijalala toka juzi. Kale katoto ka dada yangu, kalizaliwa kakalia mara moja tu, kakafa. Hakakupewa jina. Kako pale ubavuni kwa Alfonsi, mkono wa kushoto. Na kenyewe ni mtu."

Nikamkalisha, nikampa chai ya ofisi. Nikaitoa karatasi ya makaburi mbele yake, nikaitandika, nikatia nukta kando ya nukta ya baba yako. Akaitazama, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Haya. Sasa wametimia." Nikamsindikiza hadi nje, nikarudi.

Hewa ilikuwa ya mvua, wino haukauki upesi siku kama hiyo. Ukiilaza karatasi juu ya nyingine wino unatapakaa, halafu unakaa kutwa nzima unakwangua kwa wembe. Kwa hiyo sikuirudisha pamoja na nyingine. Niliibana kwa vibanio viwili pale dirishani, ianikwe ikauke.

Mchana ule ule ikaja haraka: watu wa trekta wanataka nakala ya shamba, gari linangoja nje. Nikapanga karatasi. Miinuko, maji, barabara, mipaka ya shamba. Alama juu ya alama. Nikapiga nakala, mashine ikanuka ile harufu yake ya kutoa machozi, karatasi ikatoka bado ina uvuguvugu. Desturi yetu ilikuwa mchoraji aikague kabla ya kuweka sahihi pembeni. Sekela, niliikagua. Niliiweka mezani nikainama juu yake. Nikapita mto, nikapita barabara, nikafika pale kwa babu yako, nikamwona baba yako. Nilimwona, na katoto kando yake mkono wa kushoto, na yule mchoyo, na mama wa mapacha. Nikaweka sahihi yangu.

Na karatasi yao ilikuwa mgongoni pangu, inapepea dirishani.

Hakuna aliyeniamuru kuitoa. Watu wengine kijijini walisema nilihongwa, wengine wakasema wakubwa walinitisha. Ningeshukuru kama ingekuwa hivyo. Ningekuwa na mtu wa kumchukia. Niliitoa karatasi kwa ajili ya kuongeza kaburi lililosahauliwa, nikaianika ili isiharibike, na macho yangu yakaona kilichokuwa kichwani badala ya kilichokuwa mezani. Mgeni asiyejua lolote angeiona ile nakala ni tupu. Mimi niliyezika pale ndiye pekee niliyeweza kukosea vile.

Yaliyofuata nilisimuliwa na baba yako mdogo, Yohani, aliyekuwepo. Trekta lilifika asubuhi. Watu walikusanyika na majembe na fimbo. Vijana walitaka kulala chini mbele yake. Bibi Agripina ndiye aliyewazuia.

"Acheni ujinga," aliwaambia. "Ramani imechorwa na mkwe wetu. Nimeona kwa macho yangu. Litazunguka."

Wakasogea pembeni. Trekta likaja moja kwa moja. Bibi akaanza kupiga kelele, dereva akasimama, akashuka na nakala yangu mkononi, kijana mpole tu, akamwonyesha. "Bibi, hapa hakuna kitu. Tazama mwenyewe."

"Wewe ndiye utazame vizuri. Makaburi yamo humo. Yamo humo, nimeona anaandika."

Yohani anasema Bibi alimfanya yule dereva aigeuze karatasi, aiangalie upande wa nyuma, aiinue juani. Alikuwa anayatafuta na yeye, kidole chake kinapita juu ya karatasi. Kisha akakiondoa kidole. Watu wote walikuwa wanamtazama yeye. Dereva alingoja kidogo, halafu akasema ana kazi ya watu, akapanda. Kufikia jioni yale mawe ya kaburi la baba yako yalikuwa yametupwa kwenye mfereji.

Laiti wangekuwa hawaniamini, wangelala chini. Hilo ndilo linaloniamsha usiku. Asiyekuwepo na lake halipo, na maiti hayupo kabisa. Alikuwa na mimi tu wa kumsemea, nami niliwasilisha karatasi tupu.

Bibi Agripina alikuja tena Iringa. Nilipomwona mlangoni nilipiga magoti pale pale, mbele ya wachoraji wote. Hakunitukana. Alisema, "Niletee ile karatasi." Nikaileta. Akaisogeza dirishani kwenye mwanga, akaweka kidole kwenye kila nukta na kutaja majina yote, asisahau hata mmoja. Alipofika kwa yule asiye na jina akaigusa tu nukta. Kisha akanirudishia.

"Wapo," akasema. "Lakini wapo kwako tu."

Akavaa viatu akaondoka. Hakuniongelesha tena hadi alipofariki, nami sikuwahi kuona ana kosa.

Niliacha kazi. Kabla ya kuondoka niliifuatisha karatasi ile, nukta kwa nukta, kwa ajili yangu. Tukahamia hapa Mbeya, ambako mimi sasa nawachorea wanawake maua ya kudarizi kwenye vitambaa vya meza, na wewe ukaacha marafiki zako wote bila kuambiwa kwa nini. Kila ulipotaka kwenda kwa baba yako nilikuwa na sababu. Masika yamezidi. Nauli hakuna. Una mtihani. Miaka yote hiyo nilikuona unanitazama kama mtu aliyemsahau mumewe, na badala ya kusema, nilichukua kitambaa nikachora ua lingine. Ninaona haya, mwanangu. Haya hiyo imeniponda kuliko uchovu.

Ushauri sina. Mtu aliyeanguka shimoni hafundishi kutembea. Ila huko utakuwa unakaa kando ya vitanda vya wagonjwa, na watakuja ndugu waliokaa kimya, mikono kwenye mapaja, ukidhani hawana uchungu. Nikumbuke mimi na lile bakuli la mboga. Na wewe mwenyewe, ukimpenda mtu, usidhani anaona. Mwambie. Nami nakwambia: nakupenda, Sekela. Ningekwambia chumba cha pili, lakini mdomo wangu umezoea vibaya.

Sasa lile la mwisho. Juzi nilipokwambia nakwenda Uyole kupeleka vitambaa, sikwenda Uyole. Nilipanda basi hadi kwa baba yako mdogo. Tulikwenda shambani na ile karatasi yangu na kamba ya kupimia, tukaanzia kwenye karavati la barabarani, maana hilo halijasogea. Mlinzi alituuliza tunatafuta nini. Yohani akamwambia, "Tunatafuta ndugu zetu," naye akatuacha. Tulipapata. Ni mabua tu na udongo. Tuliyarudisha mawe mawili kutoka mfereji ule, mengine hayakuonekana, nayo najua mwakani trekta litayatupa tena.

Kisha nilirudi kusimama pale kwenye karavati, Yohani akabaki huko kati na shati lake jeupe juu ya mti mrefu. Aliposimama kwa baba yako, nikatia nukta. Akasogea kwa mwingine, nikatia nukta. Tulifanya hivyo kwa wote, hadi jua likatuacha. Utaona ndani ya bahasha hii kuna kipande cha karatasi angavu. Juu nimechora mgongo wa mlima kama unavyoonekana toka pale, ule wenye vilele viwili na bonde kati yake. Chini ni nukta.

Mkishapita Igawa, basi litaanza kupanda. Mbele kidogo kuna karavati lenye ukingo uliovunjika upande mmoja, na mabasi yote husimama hapo kutia maji rejeta na abiria kuchimba dawa. Shuka. Usiende na wenzako vichakani. Simama juu ya ule ukingo mzima, uelekee mlimani. Kwenye karatasi nimefunga uzi wenye fundo. Liume fundo hilo kwa meno, uisogeze karatasi mbele hadi uzi unyooke. Nimeupima kwa mkono wangu, na wako ni mrefu zaidi, kwa hiyo usivute. Funga jicho moja. Peleka karatasi huku na huku hadi mlima niliouchora ukae juu ya mlima wenyewe. Nukta kubwa kidogo ni baba yako. Ile ndogo kushoto ni yule mtoto. Wengine utawauliza Yohani majina, anayo.

Huna haja ya ufagio. Mwambie unakwenda wapi. Koti lake liko chini kabisa ya sanduku lako, nililiweka ulipokwenda kuoga. Ulivae, huko barabarani kuna baridi.

Ukimaliza, kabla utingo hajaita, ishushe karatasi. Tazama yale mabua kwa macho matupu, pale pale ilipokuwa nukta. Kama utaona bado yupo, basi utakuwa umejua nilivyoiona ile ramani.

Mama yako.